Kinamasi nacho kipewe mkataba

*Wakulima na wafugaji wa Migori na Homa Bay wamekatazwa, wamefunzwa na wamegawiwa miche. Walichokosa ni kile ambacho tumbaku iliwapa wazazi wao: karatasi yenye bei, mnunuzi na tarehe ya malipo.*

Januari ikifika Nyatike, kule mto Kuja unakomwaga maji yake Ziwa Victoria, ardhi ya juu huwa imekauka na kupasuka nyufa. Mahindi ya vuli yamekwisha kuvunwa, au yalinyauka kabla ya kuvunwa, na masika bado yako mbali. Shule zimefunguliwa, karo inadaiwa. Chini, ukingoni mwa mafunjo, udongo ni mweusi na ukiukanyaga kwa kisigino unatoa maji. Ndipo kiberiti kinapowashwa. Mafunjo makavu huwaka kwa kishindo, mashina yakipasuka moja moja, na baada ya siku chache majivu yamegeuka matuta ya sukuma wiki na nyanya, pampu ya petroli ikinguruma na mpira wa maji umetandazwa hadi mtoni. Usiku kiboko hushika njia yake ya miaka yote, ambayo sasa inakatiza katikati ya nyanya. Kukipambazuka mwenye shamba humwendea chifu, chifu hulipigia shirika la wanyamapori, KWS, na pengine kabla ya juma kwisha afisa wa mazingira naye anafika kumkumbusha mwenye shamba kwamba pale alipopanda hapakupaswa kupandwa.

Kila mtu katika mlolongo huo ana haki yake. Mkulima anatafuta karo, kiboko anatafuta nyasi, afisa anatekeleza sheria. Kinachofanya mkasa huu urudi kila kiangazi, kuanzia Nyatike na Karungu hadi Osodo kwenye mdomo wa Sondu-Miriu, ni kwamba gharama ya kukiacha kinamasi kikae kinamasi imetupwa yote juu ya mtu mmoja ambaye hana uwezo wa kuibeba. Hoja ya makala haya ni kwamba gharama hiyo ilipwe, ilipwe kwa mkataba, na ilipwe kwa wakati. Bila hivyo kanuni zitaendelea kuwa nzuri na mafunjo yataendelea kuwaka.

Anachojua mkulima

Kwa muda mrefu dawa imetafutwa katika elimu. Kila tarehe 2 Februari, Siku ya Ardhioevu Duniani, mahema hupigwa, hotuba husomwa na miche hugawanywa, na kwa bahati mbaya tarehe hiyo huangukia wakati ambapo pampu za kiangazi zinanguruma kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Nyuma ya hotuba hizo kuna dhana kwamba mkulima haijui thamani ya kinamasi. Anaijua. Aliyekulia kando ya Kuja anajua kwamba kamongo na mumi hutoka humo, kwamba ng'ombe huponea humo nyasi za juu zikiisha, kwamba mikeka na mapaa hutokana na togo, kama Wajaluo wanavyoyaita mafunjo, na kwamba palipofyekwa mafunjo mafuriko huingia hadi jikoni bila kubisha hodi.

Wanasayansi nao wamelipima lile analoliona kwa macho. Kuja, ambao huko juu Kisii huitwa Gucha, huteremka na udongo wa vilima vilivyolimwa hadi kileleni pamoja na mbolea iliyosombwa mashambani. Mizizi ya mafunjo, iliyosukana ikawa sakafu inayoelea, hupunguza kasi ya maji, huyatuamisha matope na kufyonza naitrojeni na fosforasi ambazo zikifika ziwani hulisha magugumaji. Chini ya sakafu hiyo hewa ya oksijeni ni haba sana, na uhaba huo umegeuka kinga: mbuta, samaki mla wenzake aliyeletwa ziwani katikati ya karne iliyopita, hastahimili maji ya aina hiyo, ilhali samaki wadogo wa asili wanayavumilia. Utafiti uliofanywa upande wa Uganda tangu miaka ya 1990 umeonyesha kwamba vinamasi vimekuwa kimbilio la fulu, baadhi ya samaki hao wadogo, waliotoweka kwenye maji ya wazi. Kuna pia ndege wasioishi popote pengine ila ndani ya mafunjo, kama vile tiva wa mafunjo mwenye kifua chekundu. Mafunjo yakikatika, naye hana pa kuhamia.

Hasara yenyewe imekwisha kupimwa. Watafiti waliolinganisha picha za miaka ya 1969 na 2000 kwenye vinamasi vitatu vya Ghuba ya Winam waligundua kwamba Dunga ilipoteza karibu nusu ya mafunjo yake, Koguta karibu kiasi hicho hicho, na Kusa thuluthi moja. Vinamasi hivyo viko upande wa Kisumu na Nyakach, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Homa Bay, na kilichovila ni kile kile kinachovila vya kusini: jembe, moto, na ukataji usioyapa mashina nafasi ya kukomaa.

Basi kama anajua, mbona anachoma? Kwa sababu faida za kinamasi hugawanywa kwa wengi, na hasara ya kukiacha humwangukia mmoja. Samaki aliyekulia mafunjoni atavuliwa na mvuvi wa Sori na kuliwa Nairobi. Matope yaliyozuiwa yatapunguza gharama ya kampuni ya maji. Mafuriko yaliyovunjwa nguvu yataokoa nyumba ya jirani wa chini. Mwenye matuta hapati senti katika hayo yote, na nyanya za Januari, mwezi ambao nyanya ni adimu na bei iko juu, zingemlipia mtoto muhula mzima. Ukimwekea hesabu hiyo mbele mhasibu yeyote wa jijini, naye angetafuta kiberiti.

> Faida za kinamasi hugawanywa kwa wengi. Hasara ya kukiacha humwangukia mmoja.

Mpaka unaotembea

Jibu la haraka la wapenda sheria ni kwamba hakuna cha kujadili. Katiba ya 2010 inahesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma. Kifungu cha 42 cha sheria ya mazingira ya 1999 kinakataza kukausha, kuchimba au kujenga kwenye mto, ziwa au ardhi chepechepe bila idhini, na kanuni za 2009 zinaeleza kwa kina ni nini kifanywe na nini kisifanywe ukingoni. Kumlipa mtu ili atii sheria, wanasema, ni kumhonga.

Hoja hiyo ina uzito, lakini inachukulia kwamba ukingo uko mahali pamoja. Kwenye ziwa hili haujawahi kukaa mahali pamoja. Kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda zaidi ya mita mbili na kuzifukuza familia nyingi. Kisha yakashuka polepole kwa miongo kadhaa, yakafika chini sana mwaka 2006, na kila yaliporudi nyuma shamba liliyafuata, kwa sababu familia inayopakana na kinamasi huihesabu ardhi iliyoachwa na maji kuwa mwendelezo wa boma lake. Watoto wamezaliwa juu ya ardhi hiyo, wazee wamezikwa humo. Mwezi Mei 2020 ziwa lilifikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na mwaka 2024 likakipita. Kwa hiyo mkulima anayeambiwa leo kwamba amevamia ziwa huweza kujibu, bila kusema uongo, kwamba ziwa ndilo lililomvamia yeye. Sheria inayotegemea mstari haiwezi peke yake kumaliza ugomvi ambao mstari wake unahama.

Majirani wetu wa Uganda walikwenda mbali zaidi. Katiba yao ya 1995 ilivitaja vinamasi kwa jina na kuikabidhi serikali jukumu la kuvishika kwa niaba ya wananchi. Hata hivyo vinamasi vya Kampala vimeendelea kujazwa kifusi mchana kweupe. Huko wavamizi wengine ni wenye viwanda na majumba, watu wanaoweza kumlipa wakili. Ikiwa amri haikuwazuia hao, ni vigumu kuona itakavyomzuia mama mwenye matuta manne ya sukuma wiki, isipokuwa kwa kumwonea.

Somo la tumbaku

Migori ina ushahidi wake wa jinsi mkulima anavyobadilika, na hauhitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Kwa miongo mingi tumbaku ilitawala Kuria, Uriri na sehemu nyingine za kaunti hii. Haikutawala kwa kuwa ni zao tamu. Linachosha, linaumiza mapafu ya wanaolikausha, linakula kuni hadi miti ya kando ya mito ikaisha, na mara nyingi linamwacha mkulima na deni. Lilitawala kwa sababu lilikuja na mkataba: mbegu na mbolea kwa mkopo, afisa wa nyanjani aliyefika shambani kwa pikipiki, na mnunuzi aliyejulikana kabla mche haujatoka kitaluni. Serikali na mashirika ya afya walihubiri madhara ya tumbaku kwa miaka na miaka, na mashamba hayakutikisika.

Yalianza kutikisika pale mahubiri yalipogeuka mkataba. Mradi wa mashamba yasiyo na tumbaku, unaoendeshwa na serikali ya Kenya pamoja na Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, na Mpango wa Chakula Duniani, WFP, uliwapa wakulima wa Migori mbegu za maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi, mikopo midogo, mafunzo, na jambo lililo kubwa kuliko yote, soko la uhakika kupitia WFP. Kufikia 2022 mamia ya wakulima walikuwa wamekwisha kuvuna. Mwaka uliofuata Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani ilichukua kaulimbiu ya chakula badala ya tumbaku, na Migori ikawa mfano wa kutajwa Geneva. Wakulima wale wale walioitwa wakaidi walibadilika mara tu mbadala ulipokuwa na bei na mnunuzi.

Eneo hili hili linajua pia namna mkataba unavyokufa. Wakulima wa miwa, tangu Awendo hadi Muhoroni, wameishi na malimbikizo ya malipo ya viwanda vya umma kwa muda mrefu, na wengi wameng'oa miwa kwa hasira. Mkataba usiolipa kwa tarehe yake ni mbaya kuliko kutokuwa na mkataba, kwa sababu unachoma imani ambayo mpango unaofuata ungeihitaji.

Mkataba wa kinamasi ungeonekanaje, basi? Usianze na fedha taslimu. Mkulima huteremka kinamasini kufuata maji, kwa hiyo malipo ya kwanza na yawe maji: pampu ya sola na tangi juu ya mstari wa mafuriko, au kidimbwi cha kuvunia mvua kilichotandikwa karatasi nzito, ili nyanya za Januari ziote kwenye shamba lake halali. Mfugaji naye aondolewe sababu ya kuteremsha ng'ombe: apate vipando vya matete ya ng'ombe na kaliandra vya kupanda kwenye makinga maji, na birika la kunyweshea mbali na mto, halafu makubaliano yaeleze ni miezi ipi mifugo itaingia kinamasini na mifugo mingapi itaingia kwa zamu. Baada ya hapo ndipo yaje malipo ya mwaka kwa kila ekari ya mafunjo iliyoachwa isimame, yanayokaguliwa na watu wa pale pale, na kulipwa mwezi ambao karo inadaiwa. Kukagua si kazi ngumu. Mafunjo yaliyochomwa huonekana hata kwenye picha za setilaiti zinazotolewa bure.

> Mkulima huteremka kinamasini kufuata maji. Malipo ya kwanza na yawe maji.

Nani atoe pesa?

Hapa ndipo wapinzani wa wazo hili wana nguvu zaidi, na wanastahili jibu la kweli. Kenya imewahi kujaribu. Kule Naivasha, tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa juu ya mto Malewa walipewa vocha za takriban dola 17 kwa mwaka ili waache ukanda wa nyasi na miti kando ya mito, na waliolipa walikuwa watumiaji maji wa chini, wakiwemo wakulima wa maua. Kule Kitengela, kuanzia mwaka 2000, familia za Kimaasai zililipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili zisijenge ua wala kuuza mapito ya wanyama wa Mbuga ya Nairobi. Mipango yote miwili ilifanya kazi kwa kadiri yake, na yote miwili ilionyesha mipaka yake. Vocha ya dola 17 ni asante zaidi kuliko kipato, ingawa nyasi na miche iliyoandamana nayo ilileta maziwa na matunda. Kitengela, bei ya kiwanja ilipopaa, dola 4 zilibaki kuwa dola 4.

Nyanza Kusini haina mashamba ya maua. Haina mteja tajiri wa chini ya mto wa kubishiwa hodi. Walio chini ni wavuvi, kampuni za maji za kaunti zinazohangaika na madeni, na mradi wa umwagiliaji wa Lower Kuja ambao wakulima wake wa mpunga wanayahitaji maji ya Kuja yakiwa mengi kiangazi na yakiwa tulivu masika. Hao wachangie kidogo, hasa mradi wa umwagiliaji, ambao mifereji yake ikijaa matope lazima mtu alipie kuyazoa. Lakini sehemu kubwa itoke kwenye fedha za umma, na fedha hizo zipo. Kupitia FLLoCA, mpango wa kitaifa wa kufadhili hatua za tabianchi mashinani, uliopata ufadhili wa Benki ya Dunia mwaka 2021, kaunti zimeunda hazina za tabianchi na kamati za kupanga matumizi hadi ngazi ya wadi. Sehemu kubwa ya fedha hizo inaelekea kwenye mambo ya kujengwa na kuzinduliwa: kisima, tangi, kitalu. Hakuna utepe wa kukatwa kwenye mafunjo yaliyoachwa yalivyokuwa, na nashuku kwamba hicho ndicho kikwazo kikubwa kuliko uhaba wa shilingi.

Kwa wanaodhani kuwalipa wakulima ni ulegevu wa nchi maskini, Marekani imekuwa ikifanya hivyo tangu 1985. Sheria yao ya kilimo ya mwaka huo ilimnyima ruzuku mkulima anayekausha kinamasi ili apande, na papo hapo ikaanzisha kodi ya mwaka kwa anayeipumzisha ardhi dhaifu kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15. Nchi yenye mahakama na mawakili wa kutosha iliona ni nafuu kulipa kuliko kushtaki kila shamba. Tuchukue kutoka kwao urefu wa mkataba. Mpango wa miezi 18, kama ilivyo miradi mingi ya wafadhili, haulindi chochote. Mafunjo yatasubiri pesa ziishe, kisha yachomwe.

Kiboko, korongo na fidia isiyofika

Kuna deni la zamani ambalo lisipolipwa hakuna mkulima atakayesaini karatasi mpya. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilipandisha fidia ya mtu aliyeuawa na mnyama hadi shilingi milioni 5, na ikaahidi kulipia mazao na mifugo kwa bei ya soko. Ahadi ilikuwa ya kiungwana mno kuliko hazina iliyopaswa kuitimiza. Madai yalirundikana nchini kote yakafika mabilioni, na aliyepoteza mahindi kwa kiboko hujaza fomu, husubiri kamati ya kaunti iketi, kisha husubiri tena. Kiboko mzima hula takriban kilo 40 za majani kwa usiku mmoja. Bustani ya robo ekari hana haja ya kuirudia.

Mambo hayo hayo yanakutana Bonde la Lambwe, Homa Bay, penye Mbuga ya Ruma yenye kilomita mraba 120. Humo ndimo walimobaki korongo wa mwisho wa Kenya, swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma na uso wa rangi mbili. Zamani walikuwepo Mara na kwingineko. Sensa ya wanyamapori ya 2021 iliwahesabu 15. Mbayuwayu wa bluu nao huja kutoka kusini mwa Afrika kukaa kwenye nyasi za Ruma kati ya Aprili na Septemba. Ndani ya mbuga walinzi wanafanya kazi yao, lakini swala wachache hivyo hawawezi kuokolewa na ua pekee ikiwa nje ya ua kila boma lina sababu ya kutega kitanzi na hakuna hata moja lenye sababu ya kukitegua. Sheria hiyo hiyo ya 2013 inamruhusu mwenye ardhi, peke yake au na wenzake, kuanzisha hifadhi yake. Wamaasai wa pembezoni mwa Mara wamefanya hivyo tangu katikati ya miaka ya 2000, na kodi ya ardhi kutoka kwa kambi za watalii huwafikia. Lambwe haina watalii wa kiasi hicho, na mashamba ni madogo. Ndiyo maana mkataba wa umma unahitajika zaidi huku kuliko kule.

Asiye na shamba

Pingamizi la mwisho halitoki kwa wenye sheria wala kwa wenye hazina. Linatoka kwa wale wanaokitumia kinamasi bila kuwa na hata hatua moja ya ardhi pembeni mwake: wanawake wanaokata mafunjo ya kusuka mikeka, vijana wanaotega mumi, wajane ambao shemeji zao walikwisha kuyachukua mashamba. Ukimlipa mwenye ardhi kwa kila ekari ya mafunjo iliyosimama, umempa sababu ya kumfukuza msusi, kwa kuwa kila shina analokata linaonekana kama limekatwa kwenye mfuko wake. Hofu hiyo ni ya haki, na mipango kadhaa ya aina hii duniani imejikwaa hapo hapo.

Bahati nzuri mafunjo yanavumilia panga kuliko yanavyovumilia jembe. Yakikatwa na kuachwa karibu mwaka mzima hurudi na urefu wake. Yakikatwa kila baada ya miezi michache hudhoofika. Kwa hiyo wasusi waandikwe ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza, kinamasi kigawanywe vitalu vya kukatwa kwa zamu, na sehemu ya malipo ipitie chama chao au kamati ya ufuo, isiingie yote kwenye akaunti ya mwenye hatimiliki. Wao ndio huingia ndani ya mafunjo kila juma, na wao ndio wa kwanza kuona moto ulipoanzia. Ikiwa kaunti itawaacha nje kwa sababu hawana hatimiliki ya kuambatisha kwenye fomu, itakuwa imewalipa wasiokiingia kinamasi na kuwanyima wanaokitegemea, na ukaguzi ataufanya nani?